Feni Belti Isiyozungusha Feni

Mkanda wa mpira unaoonekana ubavuni mwa injini mtu anapofungua boneti una jina linaloeleweka katika gereji nyingi za Kenya na Tanzania: feni belti. Wapenzi wa Kiswahili kisichochanganywa husema mkanda wa feni, lakini hapo wamesahihisha nusu moja tu ya jina, wala si ile yenye kasoro. Kiingereza kina istilahi mbili. Ya zamani, fan belt, ilitaja mkanda mwembamba wa umbo la V uliozungusha feni ya rejeta pamoja na kitu kimoja au viwili vingine. Ya pili, serpentine belt, yaani mkanda wa kinyoka, ilikuja na mkanda mmoja mpana na mrefu ulioanza kufungwa kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1970, Ford Mustang ya 1979 ikiwa miongoni mwa ya kwanza, ukabeba peke yake kazi ya mikanda miwili mitatu. Sisi tuliupokea mkanda mpya tukauvika jina la ule uliostaafu. Nashikilia kwamba jina hilo humpoteza dereva, na mara nyingine fundi pia, hasa pale mkanda unapokatika. Na kwamba dawa yake si kumtafsiri nyoka wa Waingereza.

Tazama injini ya Toyota iitwayo 1ZZ-FE, ambayo imo katika baadhi ya Corolla zilizofika kwetu zikiwa zimetumika Japani. Mkanda mmoja huchukua nguvu kwenye puli ya krankishafti na kuzungusha altaneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Feni haimo. Haiwezi kuwamo, kwa sababu injini imelazwa kimkingamo na puli zake zinatazama ubavuni, ilhali rejeta iko mbele. Kwa hiyo feni ikapewa mota yake ya umeme inayowashwa kulingana na joto la maji. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka kwenye dashibodi, usukani huwa mzito ghafla, AC huacha kutoa baridi, na mshale wa joto huanza kupanda. Feni nayo inazunguka vizuri tu, kwa umeme uliobaki kwenye betri. Dereva aliyefundishwa kwamba mkanda ule ni wa feni huchungulia, huiona feni ikivuma, na kuuondolea mkanda lawama. Atashuku rejeta, atashuku thamostati, atasubiri injini ipoe aongeze maji na kuendelea na safari. Maji yenyewe hayazunguki kwa sababu pampu imesimama. Mwisho wake ni gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopinda, hasara isiyolingana hata kidogo na bei ya mkanda.

Nitaambiwa kwamba maneno huzoeleka yakasahau asili yake. Mkenya huita umeme stima, neno la zama za mvuke, na hakuna aliyewahi kuunganisha waya vibaya kwa sababu hiyo. (Umeme wa Olkaria kweli unatokana na mvuke wa ardhini, kwa hiyo huenda neno lilitangulia wakati wake.) Pingamizi hilo lina uzito, ila linasahau tofauti moja: anayesema stima haambiwi kwa neno hilo akakague nini taa zinapozimika. Anayesema feni belti ameshaambiwa. Nakubali pia kwamba yapo magari ambayo jina hilo lingali kweli. Katika Land Cruiser na Hilux nyingi, injini imekaa kwa urefu wa gari na feni imepachikwa mbele ya pampu ya maji, hivyo mkanda huzungusha vyote viwili. Humo mkanda wa feni ni istilahi halali. Kosa ni kuihamishia kwenye injini ambayo feni yake haigusani na mkanda wowote.

Basi tuuite nini? Pendekezo linalokuja upesi ni mkanda nyoka. Lina mvuto, lakini linaeleza njia tu: jinsi mkanda unavyopanda puli hii kwa upande wa mifereji na kuegemea ile kwa mgongo. Halisemi mkanda unafanya kazi gani, na mkanda uliokatika, ukiwa umeanguka chini ya injini, hauna tena njia ya kuonyesha. Mkanda wa altaneta ni bora kidogo, maana angalau unaelekeza kwenye ile taa ya betri, ila unataja mzigo mmoja na kuficha mitatu. Mimi nachagua mkanda wa puli. Maneno yote mawili yamo gerejini tayari. Wapo watakaotaka kapi badala ya puli, neno zuri la mabaharia, lakini fundi hatalitumia na sioni sababu ya kumlazimisha. Watakaouliza kama mkanda wa taimingi nao si wa puli wakumbuke kwamba ule una meno na hukaa kwenye gia zenye meno, mafundi hawaichanganyi. Gari likiwa na mikanda miwili, kila mmoja uongezewe jina la unachozungusha.

Faida ya jina hili inaonekana wakati wa kubadilisha. Mkanda mara nyingi hukatika kwa kosa la mwenzake: beringi ya puli iliyokwama, tenshena iliyolegea, oili inayovuja na kuulainisha mpira. Anayebadilisha feni belti hununua mpya, hulegeza tenshena kwa spana, huuvisha na kufunga boneti. Mpya nao hufa baada ya muda mfupi. Anayebadilisha mkanda wa puli ana sababu ya kuzungusha kila puli kwa mkono kabla ya kufunga, akisikiliza mkwaruzo na kuangalia kama puli inayumba. Mkanda ambao haujakatika nao usipimwe kwa nyufa peke yake: mikanda ya mpira wa sintetiki uitwao EPDM hulika mifereji bila kupasuka, ikaanza kuteleza huku ikionekana nzima.

Muuza spea anaweza kusema haya yote ni ya bure, kwani kinachonunuliwa ni namba. Ni kweli: katika 6PK1200, 6 ni idadi ya mbavu, PK ni aina ya mbavu zilizoachana kwa milimita 3.56, na 1200 ni urefu kwa milimita. Namba hiyo inashinda kusema “ya Corolla”, jina lililovaliwa na injini nyingi. Lakini namba husema kinachonunuliwa, haisemi kilichoharibika. Na sasa yameingia magari kama Toyota Aqua, ambayo pampu yake ya maji na kompresa ya AC vinazungushwa kwa umeme na injini haina mkanda wa nje hata mmoja. Feni yanayo; feni belti fundi ataitafuta mpaka jioni.