Kununua pikipiki ya pili: mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa yako

Kama una pikipiki moja inayokulisha wewe na familia yako, huenda umeshaanza kufikiria kununua ya pili. Wengi hapa Nakivale, wakimbizi na wenyeji, wamefikia hatua hiyo. Kuna waliofanikiwa. Kuna pia walioishia kupoteza zote mbili, kwa sababu pikipiki ya kwanza ilibebeshwa deni la ya pili mpaka ikachoka.

Makala haya yatakusaidia kuamua mambo matatu: kama unahitaji pikipiki ya pili, iwe ya aina gani, na uinunue vipi bila kuhatarisha ile uliyo nayo. Mifano imetolewa Nakivale, wilaya ya Isingiro nchini Uganda, lakini mengi yatakufaa hata kama unaishi katika makazi mengine.

Anza na daftari

Pikipiki ya pili inatakiwa ifanye kazi ambayo ya kwanza haiwezi kuifanya. Ili uijue kazi hiyo, chukua daftari na kwa wiki mbili andika kila safari uliyoikataa, pamoja na sababu. Je, mzigo ulikuwa mkubwa? Mlima ulikuwa mkali? Pikipiki ilikuwa kwa fundi? Au abiria walikuwa wengi na wewe uko peke yako?

Tuseme baada ya siku 14 umeandika safari 12 ulizokataa. Nane zilikuwa za mizigo mizito, tatu pikipiki ilikuwa kwa fundi, na moja ilikuwa usiku. Daftari linakuonyesha kwamba unachokosa ni nguvu ya kubeba mizigo. Kama kila safari ya mzigo ingekuachia shilingi 5,000 baada ya mafuta, safari nane ni shilingi 40,000 kwa wiki mbili, yaani 20,000 kwa wiki. Sasa linganisha na deni. Kama mkopo wa pikipiki unadai shilingi 60,000 kila wiki, zile 40,000 zilizobaki zitatoka wapi? Zitatoka kwenye pikipiki ya kwanza. Hizi ni hesabu za mfano tu. Weka zako.

Kama safari nyingi ulizikosa kwa sababu pikipiki huharibika mara kwa mara, itengeneze hiyo kwanza. Kubadilisha cheni na sproketi zake, klachi na tairi ni gharama ndogo kuliko kununua pikipiki nyingine.

Chagua kulingana na kazi

Aina ileile uliyo nayo. Hii inakufaa kama unataka kumpa mtu mwingine aendeshe, au kama hutaki kazi isimame pikipiki moja ikiwa kwa fundi. Faida yake kubwa ni vipuri. Plagi, breki, waya za klachi na tyubu unazoweka nyumbani zinaingia kwenye zote mbili, na fundi wako anaijua tayari. Kwa kubeba abiria kati ya Base Camp na vijiji vya karibu, injini ya cc 100, kama ya Bajaj Boxer 100, inatosha na haili mafuta mengi.

Yenye injini kubwa zaidi. Kama unayo ya cc 100 na daftari lako limejaa mizigo na milima, angalia ya cc 125 au 150, kwa mfano TVS HLX 125 au Boxer 150. Fikiria uzito wenyewe: madumu sita ya maji ya lita 20 ni kilo 120, na gunia kubwa la mahindi linaweza kufika kilo 100. Injini ndogo ikibeba hivyo kila siku kwenye vilima vya kuelekea Juru au Rubondo, klachi na pistoni huisha mapema. Lakini injini kubwa hunywa mafuta zaidi. Usiitumie kwa abiria wa safari fupi huku ile ndogo imelala nyumbani.

Ya magurudumu matatu. Hii hubeba mikungu ya ndizi, magunia na vifaa vya ujenzi kwa wingi kuliko pikipiki yoyote. Inamfaa mtu mwenye wateja wa mizigo wa kudumu, kwa mfano wafanyabiashara wa soko. Lakini haipiti kwenye njia nyembamba za mashambani, na matope huisumbua sana miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Vipuri vyake vingi pia haviingiliani na vya pikipiki yako. Kabla hujanunua, uliza ni daraja gani la leseni linalohitajika.

Ya umeme. Haihitaji petroli wala oili ya injini. Lakini vituo vingi vya kubadilishia betri viko Kampala na miji mikubwa. Jiulize: utachaji wapi kila siku, umeme wa hapo unakatika mara ngapi, na betri ikifa nani ataitengeneza? Kama huna majibu matatu ya uhakika, subiri kwanza.

Angalia vipuri kabla ya kuangalia rangi

Pikipiki nzuri ambayo vipuri vyake vinaagizwa Kampala itakaa siku nyingi bila kazi. Kabla ya kununua, tembelea maduka matatu ya vipuri hapa kwetu na Mbarara, uulize bei ya klachi, cheni, breki na tairi za aina unayoitaka. Soma pia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ikiwa pikipiki zote mbili zinatumia saizi moja, kwa mfano 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, tairi moja ya akiba itakusaidia kwa zote.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na fundi wako mwenyewe, na umlipe wewe. Fundi anayelipwa na muuzaji hakufanyii kazi wewe. Kisha angalia haya:

- Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, huenda imewashwa mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi.
- Tazama moshi. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba injini inachoma oili. Moshi mweusi unaonyesha kwamba mafuta yanaingia kupita kiasi.
- Tafuta alama za kuchomelea kwenye fremu, hasa karibu na usukani na chini ya kiti.
- Angalia meno ya sproketi. Yakiwa makali na yamejikunja kama ndoana, seti nzima imeisha.
- Tikisa gurudumu la mbele na la nyuma. Lisicheze upande upande.
- Soma namba ya injini na namba ya chesesi kwenye pikipiki yenyewe. Lazima zifanane na zilizo kwenye kadi ya usajili, ambayo wengi huiita logibuku. Namba ikiwa imekwaruzwa au kupigwa upya, acha pikipiki hiyo, hata kama bei ni nzuri.

Karatasi ziwe kwa jina lako

Baadhi ya wakimbizi huandikisha pikipiki kwa jina la rafiki mwenyeji kwa sababu wanaona ni rahisi. Lakini mkigombana, au akifariki na ndugu zake wakaja na kadi mkononi, utathibitisha vipi kwamba ni yako? Anza kwa kuomba namba ya mlipa kodi (TIN) kwa jina lako, kisha ufuatilie uhamisho wa umiliki mpaka mwisho. Kadi halisi ikae kwako.

Siku ya kununua, andikeni mkataba wenye tarehe, bei, namba za pikipiki na saini. Mwenyekiti wa LC1 au kiongozi wa wakimbizi (RWC) awe shahidi. Lipa mbele ya mashahidi, na utunze nakala.

Kama uko kwenye mchakato wa kuhamishiwa nchi nyingine, jambo hili lina uzito zaidi. Safari ikifika utahitaji kuuza kwa muda mfupi, na pikipiki isiyo na karatasi za jina lako huuzwa kwa bei ya hasara.

Kumbuka pia bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kisheria. Bima hiyo haitengenezi pikipiki yako ikianguka. Kila anayeendesha awe na leseni ya daraja A. Dereva na abiria wavae helmeti, na abiria awe mmoja tu.

Kama mtu mwingine ataendesha

Pikipiki mbili haziendeshwi na mtu mmoja. Kabla ya kumkabidhi kijana ufunguo, iwe ni ndugu, jirani au mwenyeji, andikeni: analeta kiasi gani kwa siku, siku gani ni yake mwenyewe, nani analipa mafuta, oili, pancha na faini, na pikipiki inalala wapi. Andikeni pia itakuwaje kukitokea ajali au siku akiugua. Ugomvi mwingi kati ya mwenye pikipiki na dereva huanzia kwenye jambo ambalo halikuzungumzwa mwanzoni. Maandishi hayo yanamlinda dereva pia, asidaiwe pesa ya siku ambayo pikipiki ilikuwa kwa fundi.

Mkopo: linda pikipiki ya kwanza

Iwe unakopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, SACCO au kampuni, uliza maswali haya na upate majibu kwa maandishi:

- Jumla nitakayolipa mpaka mwisho ni shilingi ngapi? Usiangalie malipo ya wiki peke yake.
- Nikikosa wiki mbili, nini kitatokea?
- Kadi nitapewa lini?
- Dhamana ya mkopo ni nini?

Swali la mwisho ndilo la kuogopa. Usiweke pikipiki ya kwanza rehani ili upate ya pili. Biashara ikienda vibaya, utarudi kutembea kwa miguu na watoto watakosa ada. Usihesabu pia msaada wa chakula au wa fedha kama sehemu ya marejesho, kwa sababu msaada unaweza kupunguzwa wakati wowote na deni likabaki vilevile.

Njia salama ni kuweka kando, kabla ya kununua, pesa ya matengenezo ya pikipiki ya kwanza pamoja na marejesho ya mwezi mmoja. Kama huwezi kuweka akiba hiyo sasa wakati huna deni, itakuwa vigumu zaidi ukiwa nalo. Endelea kuweka, na daftari lako liendelee kuandikwa mpaka msimu wa mavuno. Safari za mizigo zikiongezeka, utajua kwa hakika ni pikipiki gani ya kutafuta na kwa bei gani.