Flashi ya injini kwenye gari kuukuu: inaosha au inaua?

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee kile kikopo ambacho mafundi wanakiita flashi, dawa ya kuosha injini kwa ndani. Huku Lindi kila mwenye gari la zamani anashauriwa akinunue, na wengi wanakimimina bila kujua wanamimina nini. Mjomba wangu ni mmoja wao. Stori yake nitaifikia, kwanza tuijue dawa yenyewe.

Kopo ni la nusu lita au pungufu. Liqui Moly wanayo, Wynn's wanayo, Abro wanayo, na zipo nyingine kibao kwenye maduka ya spea. Ndani kuna viyeyushi, yaani vimiminika vyepesi vya jamii ya mafuta ya taa, pamoja na kemikali zinazofanya kazi kama sabuni: zinabandua uchafu na kuushika ndani ya oili usigande tena. Unawasha gari mpaka injini ipate moto, unazima, unamimina dawa juu ya oili ile ile chafu, unawasha tena na kuliacha lingurume hapo hapo kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi kati ya 5 na 15. Kisha unamwaga oili yote ingali ya moto, unafunga filta mpya, unaweka oili mpya. Ni hivyo tu. Sio dawa ya kutembea nayo, na ukiona mtu ameimimina halafu anaenda nayo mjini "ikachanganyike vizuri", mwambie azime gari.

Sasa uchafu unatoka wapi? Oili inapikwa na moto wa injini, inaingiliwa na moshi, petroli isiyoungua na unyevu, mwisho inageuka tope jeusi zito kama grisi iliyolala nje. Gari la safari fupi fupi linachafuka haraka kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Na hizi Noah zetu za abiria zina ugonjwa wao: zinakaa kituoni zinanguruma kusubiri zijae. Mita ya kilometa haisogei, lakini oili inapikwa vile vile. Dereva anakwambia "bado kilometa elfu mbili nibadili oili" na kweli mita inasema hivyo, ila injini imeshafanya kazi ya safari ya kwenda Dar na kurudi.

Tusijione ni sisi tu wa gari za mitumba. Mwaka 2002 kule Marekani Toyota walitangaza mpango wa kulipia matengenezo ya injini zilizojaa tope. Uligusa magari kama milioni 3.3 yaliyotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2002, yenye injini ya 5S-FE ya silinda nne na 1MZ-FE ya V6, kwa miaka 8 tangu gari linunuliwe jipya. Kampuni ilisema tatizo ni watu kuchelewa kubadili oili, wenye magari wakabisha, kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2007. Nawatajia hii kwa sababu 5S ni ndugu wa damu wa 3S-FE, injini iliyofungwa kwenye Noah nyingi zile za mwanzo za SR40 ambazo bado zinabeba watu huku. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Kwetu linaingia, unalipa kodi ya uchakavu, halafu linaishi miaka mingine ishirini. Mengine nahisi yamefukuliwa Tendaguru pamoja na yule mjusi aliyepelekwa Berlin.

Haya, mjomba. Noah yake ilikuwa inabeba abiria Mchinga kwenda Lindi mjini. Aliinunua mkononi kwa mtu, hajui oili ilibadilishwa lini kabla yake. Injini ilikuwa inakula oili kidogo na kutoa moshi wa bluu asubuhi, lakini inatembea. Gereji moja mjini, sitaitaja, wakamwambia: injini chafu hii, tuipige flashi, moshi utakata. Wakaipiga. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama lami, kila mtu akafurahi, maana ukiona uchafu unatoka unaona pesa yako imefanya kazi.

Siku ya tatu taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka injini inapotulia, akikanyaga mafuta inazima. Mjomba akasema ni waya. Akaangalia stiki, oili imejaa. Akaendelea. Siku ya nne, akiwa na abiria, injini ikaanza kugonga, na kabla hajafika Lindi ikanoki. Injini ya kubadilishia ilikula pesa ya ufuta ya msimu mzima, na binamu yangu akachelewa muhula kwenda chuo.

Sampu ilipofunguliwa tuliona kilichotokea. Sampu ni lile bakuli la chuma chini ya injini linalobeba oili. Ndani yake kuna mrija wa pampu, na mdomoni mwa mrija kuna kichujio cha waya. Kichujio kilikuwa kimezibwa na vipande vya tope, kama magamba. Hapa ndo kwenye siri yote. Flashi haiyeyushi kila kitu. Tope laini linayeyuka, lakini lililokaa miaka linabanduka vipande. Dakika kumi zinatosha kulilegeza, hazitoshi kulimaliza. Unamwaga oili, unaona imekuwa nyeusi, unashangilia, kumbe vipande vikubwa vimebaki juu vinaning'inia. Oili mpya, ambayo nayo ina sabuni yake, inakuja kuvimalizia. Vinaanguka sampu, pampu inavivuta, kichujio kinaziba. Oili imejaa kwenye stiki lakini juu haifiki.

Kuna aliyetuambia kosa ni filta, kwamba gereji walirudisha ile ile. Ni kweli walirudisha, na ni kosa. Filta ikiziba ina valvu ya dharura inayofunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, kwa hiyo uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Lakini filta iko baada ya pampu, kile kichujio cha waya kiko kabla yake. Hata wangefunga filta mpya ya dhahabu, mdomo wa mrija ungeziba tu.

Na ule moshi? Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kama ringi za pistoni zimekwama kwa uchafu, dawa inaweza kuzilegeza, moshi ukapungua. Kama ringi zimelika au silinda imechimbika, hakuna kemikali inayorudisha chuma. Fundi asiyepima mgandamizo wa silinda kwanza anabahatisha na injini yako. Kuna na mambo ya sili pia: za zamani zimekakamaa, mahali pengine zinazibwa na tope lenyewe, ukiliosha zinaanza kuvuja. Hapo dawa haijatoboa kitu, imeondoa kiraka tu.

Kwa hiyo flashi haifai kabisa? Hapana, sitaki kuwapiga kamba. Injini ambayo imekuwa ikibadilishiwa oili vizuri, ina rangi ya kahawia tu kwa ndani, ukiipiga flashi kwa kufuata maelezo ya kopo hakuna kitakachoharibika. Ila injini hiyo ndiyo haina shida nayo! Faida naiona pale katikati: uchafu mwembamba, labda gari lilicheleweshwa oili mara moja mbili, unalijua historia yake na presha ya oili iko sawa. Kwa injini yenye tope nene mimi naiita kamari. Na wenye viwanda hawakubaliani: vitabu vya magari ya General Motors vinaandika kabisa kwamba kuosha mfumo wa oili hakushauriwi na kunaweza kuharibu injini, na uharibifu huo hauingii kwenye dhamana.

Kujua injini yako iko wapi sio lazima uwe fundi. Fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika na tochi ya simu. Ukiona chuma chenye rangi ya asali au kahawia, poa. Ukiona ute mweusi unaoshika kidole, mwambie fundi afungue tapeti kava uone zaidi. Ukiona kitu cheupe kama maziwa, huo ni unyevu. Kikiwa kidogo kwenye kifuniko tu, huku pwani ni kawaida kwa gari la safari fupi, lakini kikiwa kwenye stiki pia, maji yanaingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda hedi, na flashi haihusiki hapo.

Halafu wale wa njia ya mkato, wanaomimina nusu lita ya mafuta ya taa au diseli wakisema ni kitu kile kile. Sio kile kile. Mafuta ya taa ni mepesi karibu na maji, yanaiharibu oili isiweze kubeba beringi, na hayana zile sabuni wala kinga ya chuma ambayo watengeneza flashi wanaiongeza. Tena mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia kwenye nyuzi 38 hivi, wakati oili ya injini inavuka 200. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua diseli. Sisi tunachakachua oili zetu wenyewe kwa hiari.

Njia ambayo mjomba anaifuata kwenye injini ya sasa, ambayo nayo ni ya mtumba, ni ya polepole. Kabla ya kuifunga walishusha sampu, wakaiosha kwa mkono pamoja na kile kichujio, wakafunga gasketi mpya. Hiyo ndiyo flashi ya uhakika, uchafu unautoa kwa macho yako. Kisha oili ya kawaida na filta mpya, akabadili vyote baada ya kilometa 1,500, akarudia tena, akarudia tena. Sabuni iliyo ndani ya oili nzuri inaosha kidogo kidogo, uchafu unaishia kwenye filta badala ya kuanguka kama dari. Sasa anabadili kila kilometa 3,000, na saa za kusubiri abiria anazihesabu.

Kwenye oili angalia herufi za API kwenye dumu. Inayoanza na S ni ya petroli, C ya diseli. SA haifai injini nyingi za baada ya mwaka 1930, SB za baada ya 1951, SF za baada ya 1988, lakini bado utazikuta zimepangwa dukani kwa bei ya kuvutia. Kwa Toyota za miaka ya 90 tafuta SL, SM, SN au SP. Angalia na kizibo hakijafunguliwa, maana kuna wanaochuja oili chafu na kuirudisha kwenye madumu ya watu. Ukimaliza dumu lako, litoboe.

Na kama umeshapiga flashi jana na leo taa ya oili inachungulia ukiwa kwenye foleni, usiangalie stiki ukaridhika. Zima hapo hapo, piga simu ya kuvutwa, sampu ifunguliwe. Kamba ya kuvutia gari bei yake mnaijua.

Wenye diseli, hasa Hiace na Land Cruiser za zamani, mimi uzoefu wangu ni wa petroli tu. Mwagikeni kwenye maoni hapo chini, mseme injini gani na ilikuwaje.