Kitabu cha Ardhi cha 1086 na Sahani za 1986

 

Somo letu la leo ni la historia. Nitawaeleza habari za vitabu viwili vya ardhi vya Uingereza. Cha kwanza kina umri wa zaidi ya miaka 900, nacho chasomeka hata leo. Cha pili kilikuwa karibu kupotea kabla hakijatimiza miaka 20. Sikilizeni vizuri, maana jambo hili lahusu pia mipaka ya mashamba yetu.

Mwishoni mwa mwaka 1085, Mfalme William aliamuru ardhi ya ufalme wake iandikwe: nani anayo, ina watu na majembe ya ng'ombe mangapi, na thamani yake ni kiasi gani. Mwaka 1086 watu wake walizunguka nchi wakiuliza. Habari ziliandikwa kwa wino juu ya ngozi, kwa lugha ya Kilatini. Kitabu hicho huitwa Domesday Book, nacho kimehifadhiwa Kew, London. Mtu ajuaye Kilatini, aliyezoea mwandiko ule, aweza kukisoma kwa macho yake tu.

Mwaka 1986, miaka 900 ilipotimia, BBC na wenzake walitengeneza kitabu kipya. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walisaidia kukusanya habari. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita 4 kwa 3, na kila kipande kikapewa ramani, picha na maelezo. Yote yalitiwa katika sahani mbili, kubwa kama sahani za santuri.

Lakini sahani hizo zilisomwa kwa mashini ya namna moja tu, nayo ilikuwa ya bei kubwa. Kompyuta za namna nyingine zilipoenea, hazikuweza kuzisoma. Ilipofika mwaka 2002, mashini zilizokuwa zikifanya kazi bado zilikuwa chache sana. Ilibidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze programu ya kuiga mashini ile ya zamani. Sahani zenyewe hazikuwa zimeoza. Kilichokosekana ni chombo cha kuzisomea.

Kwa nini mambo yakawa hivyo? Fikirini barua za wazee wetu wa pwani, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Maneno ni yetu, lakini asiyejua herufi zile hawezi kuyasoma. Kompyuta nazo zina namna nyingi za kuandika. Habari iliyowekwa katika kompyuta huitwa faili, na namna ilivyoandikwa huitwa muundo wa faili.

Siku hizi mpimaji akija kijijini, huandika pembe za shamba kwa tarakimu, kisha akazitia katika kompyuta. Muundo mmoja unaotumika sana ni Shapefile, uliotengenezwa na kampuni ya Esri ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilitangaza wazi kanuni zake, ndiyo sababu programu nyingi huusoma. Hata hivyo una kasoro: ramani moja hukaa katika faili tatu au zaidi, na mtu akinakili moja tu, ramani haifunguki.

Tena kuna faili ndogo inayoeleza tarakimu zimefuata kipimo gani cha dunia. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilifuata kipimo kiitwacho Arc 1960. Vyombo vya satelaiti vya leo hufuata kingine, WGS 84. Tarakimu za kimoja zikisomwa kana kwamba ni za kingine, shamba huhama karibu mita 300. Hapo mwembe wako waweza kuonekana umo katika shamba la jirani, na ugomvi ukaanza.

Mwaka 2014, shirika liitwalo Open Geospatial Consortium lilipitisha muundo wa GeoPackage. Kanuni zake ziko wazi kwa kila mtu, na mambo yote, pamoja na habari za kipimo, hukaa katika faili moja.

Basi, kijiji kikipimwa, mwulizeni mpimaji mambo matatu. Kanuni za muundo huu zimetangazwa wazi? Programu zaidi ya moja zaweza kuusoma? Kipimo cha dunia kimeandikwa pamoja na tarakimu? Kisha mwombeni aifungue faili katika kompyuta nyingine mkiona kwa macho yenu. Mwisho, tarakimu zote zipigwe chapa katika karatasi, zitiwe katika sanduku la kijiji. Mfalme William hakuwa na kompyuta, lakini kitabu chake kingalipo.

Kwaherini, na masomo mema.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kitabu cha 1086 kilisomeka kwa urahisi kuliko sahani za 1986?
2. Muundo wa faili ni nini?
3. Mipaka ya kijiji chenu imeandikwa wapi, na nani aweza kuisoma?