Kokoto, Gundi na Bonde la Farasi Mweupe

Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya mjini Göppingen ilionyesha treni ya kuchezea ya springi ikizunguka juu ya reli za bati zilizoungwa kwa umbo la tarakimu nane. Kilichokuwa kipya ni mpango wenyewe: reli ziliuzwa vipande vipande kwa vipimo maalumu, hivyo mtoto aliyepewa duara Krismasi hii angeongezewa njia ya mchepuo Krismasi ijayo. Wanaoandika historia ya reli za mfano hupenda kuanzia hapo, nami sina ugomvi nao. Ila mimi huitazama reli ile kwa jicho la mtu aliyelelewa kambi ya reli, na ninachoona kwanza ni kwamba haikuwa na kokoto. Vipande vya bati vilivyokunjwa, mataruma machache mno, na chini yake zulia la sebuleni.

Marehemu baba alikuwa nyapara wa genge la reli nchini Kenya, upande wa Voi na Mackinnon Road. Kwake yeye treni ilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kokoto. Kokoto ndizo zinazopokea uzito kutoka kwenye mataruma na kuusambaza ardhini. Ndizo zinazopitisha maji ya mvua yasituame chini ya njia, ndizo zinazoyabana mataruma yasihame treni inapokata kona, na majani hayaoti kwa urahisi mahali zilipo safi. Genge lilishinda juani na sururu, beleshi na mtaimbo, likishindilia kokoto chini ya mataruma ya chuma, kwa maana njia ile kwa sehemu kubwa iliwekewa mataruma ya chuma ili mchwa wasipate cha kutafuna. Baba aliweza kutembea juu ya njia na kusema, kwa kusikiliza tu namna mawe yanavyolia chini ya buti, pale palipoanza kulegea. Basi nilipohamia Uingereza na kujikuta miongoni mwa watu wanaojenga reli za mfano, sikuwauliza injini yao ni ya mwaka gani. Niliinama nikatazama chini ya reli.

Kwa miaka mingi baada ya Leipzig, watengenezaji wengi hawakujishughulisha na jambo hilo. Frank Hornby wa Liverpool alipoanza kuuza treni zake mwaka 1920, reli zake nazo zilikuwa bati tupu. Märklin walipoleta treni zao ndogo zaidi mwaka 1935, reli ziliwekwa juu ya tuta la bati lililochapwa rangi ya mataruma na kokoto. Kokoto za picha! Hata hivyo nazipa heshima yake. Kuna fundi kiwandani aliyekwisha kutambua kwamba reli isiyokalia chochote haiko mahali popote, na kwamba mtoto mwenyewe angependa iwe mahali.

Hatua kubwa iliyofuata haikutoka kiwandani, ilitoka nyumbani kwa mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, jijini London, John Ahern alianza kujenga Madder Valley, bonde la kubuni lenye bandari aliyoiita Madderport na kijiji alichokiita Gammon Magna. Wakati huo wapenzi wengi wa reli za mfano walikuwa watu wa injini. Walihesabu misumari ya bwela na magurudumu, kisha wakaiendesha injini yao nzuri juu ya ubao mtupu. Ahern alianza na mahali. Alijenga nyumba, mitaa, miti, vilima na ukuta wa nyuma uliochorwa anga, ndipo akaipitisha reli katikati ya maisha hayo. Mwaka 1951 alitoa kitabu, *Miniature Landscape Modelling*, kinachomwelekeza mtu wa kawaida jinsi ya kutengeneza ardhi kwa mikono yake. Alifariki mwaka 1961, na Madder Valley ikachukuliwa na kutunzwa katika makumbusho ya Pendon, kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire. Huko ndiko nilikoiona. Nyumba zimebanana kando ya njia nyembamba, na unaweza kusimama mbele yake muda mrefu kabla hujakumbuka kwamba ulikuja kutazama treni.

Pendon yenyewe ndiyo sababu ya makala hii. Mwanzilishi wake, Roye England, alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 na kuishi katika Bonde la Farasi Mweupe, eneo lililopata jina kutokana na umbo la farasi lililochongwa katika chokaa ya kilima cha Uffington yapata miaka 3,000 iliyopita. Alipenda reli ya Great Western, ambayo karakana zake kuu zilikuwa Swindon, hapo jirani. Lakini macho yake yaliona jambo jingine pia. Nyumba za wakulima zilizosimama kwa karne kadhaa zilikuwa zinabomolewa au kuvuliwa mapaa ya nyasi na kuezekwa upya kwa vitu vya kiwandani. Wenyeji waliona maendeleo. Yeye, mgeni, aliona kinachoondoka. Hakuwa na fedha wala cheo cha kuzuia lolote. Akaamua kulihifadhi bonde lile kwa kulijenga dogo, jinsi lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930.

Alipima kuta, alipiga picha, aliandika rangi. Mwaka 1954 makumbusho yakaanzishwa Long Wittenham, na wasaidizi wa kujitolea wakaongezeka mmoja mmoja. Kijiji walichokijenga, Pendon Parva, kina jina la kubuni, lakini nyumba zake ni nakala za nyumba halisi za bondeni, kwa kipimo cha 1 kwa 76. Kuta ni za kadibodi ngumu iliyopakwa rangi za maji, jiwe kwa jiwe, kila moja na kivuli chake. Mapaa ya nyasi yametengenezwa kwa nyuzi za katani zile wanazofungia mafundi bomba. Bustanini kuna mboga. Nyumba moja huweza kumchukua mtu miezi na miezi, na wajenzi walikubali hivyo kwa sababu walikuwa wanaandika kumbukumbu, na kumbukumbu haina haraka. Roye England alifariki mwaka 1995. Kazi inaendelea mpaka leo, na nyumba kadhaa unazoziona mezani pale hazipo tena bondeni.

Sasa nirudi chini, kwenye kokoto, maana hapo ndipo kazi yote ya namna hii husimama au kuanguka. Kokoto za reli kubwa huwa na upana wa kama milimita 50. Gawanya kwa 76: unapata chembe isiyofika milimita 0.7. Wanaoanza huchukua mchanga wenye punje za milimita 2 wakidhani ni mdogo sana, kumbe kwa kipimo hicho wamemwaga mawe ya sentimita 15, na hakuna genge duniani lingeweza kuyashindilia. Mimi huchekecha mchanga kwa chujio la chai, nikatupa unaobaki juu, na vumbi laini lililochanganyika na uliopita nalo nikalitenga kwa ajili ya barabara.

Mchanga humwagwa kidogo kidogo katikati ya reli, ukasambazwa kwa brashi laini mpaka uso wa kila taruma uwe safi na mabega ya tuta yashuke pande zote mbili kwa mteremko ulio sawa. Kwenye mchepuo unapunguza, kwa sababu punje moja ikinasa kwenye ulimi wa reli njia haifungi. Kisha linakuja jambo linalowashangaza wengi. Ukidondosha gundi moja kwa moja juu ya mchanga mkavu, tone hujikunja likawa duara, likabingirika na kuchimba shimo. Mvutano wa uso wa maji ndio unaofanya hivyo. Tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya maji, nyunyiza kama ukungu mpaka mchanga ulowe wote, ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Utaiona ikinywewa, ikipita chini ya mataruma bila kusogeza punje hata moja. Acha usiku kucha. Asubuhi ukigonga kwa kucha, tuta ni gumu, na gundi imekauka bila kuonekana.

Gundi hiyo ilienea miongoni mwa mafundi wa nyumbani baada ya Vita Kuu ya Pili, na nadhani haijapewa sifa inayoistahili. Vifaa vingine vilikuja na kupita: unga wa mbao uliotiwa rangi ukafanya kazi ya majani, kuvumwani ikafanya kazi ya vichaka, sponji ya kusaga ikaja kwenye miaka ya 1970, na siku hizi kuna nyuzi zinazosimamishwa wima kwa umeme tuli. Vyote hivyo ni vizuri. Lakini bila kitu cha kuunganisha jiwe na ardhi, mandhari ingebaki kupeperushwa na kila anayepiga chafya.

Marekani walikuwa na bingwa wao, John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Reli yake ya Gorre & Daphetid, kwa kipimo cha 1 kwa 87, ilikuwa na milima iliyotoka sakafuni kuelekea dari, vioo vilivyofichwa ili bonde lionekane refu, na mabehewa yaliyopakwa uchafu na kutu yafanane na mabehewa yanayofanya kazi. Wengi waliofuata walijifunza kwake kwamba kitu kipya kinachong'aa hakiaminiki. Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto ulizuka katika nyumba yake na kuteketeza sehemu kubwa ya reli ile. Kilichobaki ni picha, na bahati njema alikuwa mpiga picha hodari. Nikiwaweka Allen na England kando kwa kando, kwa ufundi wa milima nampa Allen nafasi ya juu. Lakini England alifanya jambo kubwa zaidi: aliifanya kazi yake iwe ya wengi kabla hajaondoka, na mahali penyewe pawe pa kweli.

Nyumbani kwangu Uingereza ninajenga stesheni ya Mackinnon Road, pamoja na msikiti na kaburi la Sayyid Baghali kando ya njia. Kokoto zangu nazipaka vumbi jekundu, kwa sababu hakuna kitu kinachobaki kijivu kwa muda mrefu katika nyika ya Taru. Njia yenye upana wa mita moja ikipunguzwa mara 87 inakuwa milimita 11.5, na Ulaya zinauzwa reli za milimita 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa reli nyembamba za Uswisi. Zinafaa kabisa kwa reli ya Mombasa na Nairobi. Hata zile za milimita 1,067 za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zinakaribia. Vifaa si tatizo. Tatizo ni vipimo. Mabehewa na injini za zamani zinaweza kutazamwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, lakini kibanda cha mlinzi wa kivuko, tangi la maji, choo cha bati nyuma ya stesheni na nyumba za genge hazikuingizwa makumbusho yoyote. Tangu treni za abiria kati ya Mombasa na Nairobi zihamie njia mpya mwaka 2017, majengo mengi ya njia ya zamani yamebaki na kazi ndogo au bila kazi kabisa, na jengo lisilo na kazi halidumu.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wanaoishi kando ya njia za reli za zamani, kuanzia Mazeras hadi Kisumu, Moshi hadi Tanga, Dodoma hadi Kigoma. Si lazima mjenge chochote. Ombeni ruhusa kwa wanaohusika, chukueni futi kamba na daftari, pimeni mlango, dirisha, urefu wa ukuta na mteremko wa paa. Andikeni rangi zilizopo na zile zinazochungulia chini yake. Waulizeni wazee waliofanya kazi pale kitu gani kilisimama wapi. Na mkipiga picha ya kokoto, wekeni sarafu kando yake, ili atakayejenga baadaye ajue jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani.