Ile sanduku ya chuma iliyonyamazisha moduli yangu

Ba ndugu na ba dada wa lisanse, muniruhusu leo nianze na kosa langu mwenyewe, historia itafuata.

Kituo kimoja cha afya kiliniomba kifaa cha kuchunga joto la frigo ya chanjo. Chanjo zinakaa kati ya digrii 2 na 8. Kura ikikatika usiku, muuguzi apate ujumbe kwenye telefone. Nilichukua moduli ya ESP8266, ile ndogo ya wifi iliyotoka mwaka 2014. Juu ya meza ilishika rezo bila shida. Nikaitafutia sanduku, nikapata moja ya chuma, nzuri kabisa, hata panya haiwezi kuitoboa. Nikakaza vis nne. Kimya. Nikadhani moduli imekufa, nikaweka ingine. Kimya tena. Wiki hiyohiyo kura ikakatika usiku, na asubuhi muuguzi akakuta chanjo zimepata moto. Zikatupwa zote.

Aibu yangu ni kwamba jibu lilikuwepo tangu 1836. Mwaka huo, London, Michael Faraday alijenga chumba akakifunika kwa karatasi ya madini, akaonyesha kwamba umeme unaotupwa juu yake unabaki nje. Ndani hakuna kitu. Heinrich Hertz naye, aliyethibitisha mawimbi ya redio kule Karlsruhe miaka ya 1887 na 1888, aliyarudisha nyuma kwa bamba la zinki. Mimi nilisoma haya yote kwa ajili ya mtihani, basi.

Wenye kutengeneza redio ndogo walielewa mapema. Oktoba 1954 kampuni moja ya Indianapolis, Marekani, ilitangaza Regency TR-1, redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, dola 49.95. Watu wanasifu transista zake 4. Mimi leo nasifu ganda lake: plastiki. Antena, kijiti cha feraiti kilichozungushiwa waya, ililala ndani na kusikia kupitia ukuta.

Telefone zilichelewa. Munakumbuka zile zenye kijiti juu? Nokia 8810 ya 1998 ilikificha ndani, na 3310 ya mwaka 2000, ile wazazi wetu waliangusha mara mia bila kuvunjika, antena yake iko nyuma, chini ya kifuniko cha plastiki. Tena iPhone ya 2007: mgongo wa alumini, lakini chini kuna kipande cheusi cha plastiki. Niliona ni urembo tu. Kumbe ni dirisha.

Kwanza nilitoboa tundu dogo kwenye chuma. Haikusaidia, wimbi la wifi ya 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, litapitaje kwenye tundu la vis? Nikahamia kopo ya plastiki ya margarini. Hata humo, batri ilipogusana na antena, ile mistari ya zigizaga pembeni ya moduli, rezo ilishuka, maana batri nayo ina ganda la chuma. Nikaisogeza upande wa pili, antena ikabaki peke yake ukingoni.

Sasa ujumbe unafika. Sikumkabidhi muuguzi mpaka nilipofunga kopo, nikazima frigo kwa makusudi, nikangoja telefone yake ilie. Ile sanduku ya chuma ninayo bado, naweka vis ndani.