Watu wa Picha na Sauti: Habari za Vyama Vyao, na Jinsi Zinavyotuhusu Wakulima



Huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta, katika kijitabu cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, baina ya hesabu za mpunga na habari za ghala, kurasa zinazosimulia mambo ya wapiga picha, watangazaji na watengenezaji wa filamu. Watu hao hawaleti gunia hata moja kwenye mizani yetu. Lakini historia yao na historia ya ushirika zimekutana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kwa muda mrefu zilikutana katika maisha ya mtu mmoja, ambaye tutamtaja hivi punde.

Kamera ilipoanza kutumiwa Tanganyika kwa kazi ya kufundisha, ilimwendea mkulima mapema sana. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, nyingine zikihusu kilimo cha kahawa na mmomonyoko wa udongo, zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi. Kuamua kipi kipigwe picha na kipi kiachwe lilikuwa jambo la wengine.

Miaka 15 hivi baadaye serikali ya kikoloni ilileta kampuni kutoka Afrika Kusini kutengeneza sinema za Kiswahili. Katika sinema hizo, kama vile Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, mwigizaji mkuu alikuwa kijana aliyesoma Tabora, mtumishi wa serikali, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Watu wengi wanamkumbuka kwa vyeo vyake vya baadaye; ni wachache wanaojua kwamba nchi ilianza kuuona uso wake juu ya kitambaa cheupe cha sinema. Kijana huyu hakuridhika na kupendwa na watazamaji. Aliingia katika chama cha watumishi wa serikali Waafrika, akawa rais wake, na Oktoba 1955 vyama vya wafanyakazi vilipoungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, yeye ndiye aliyechaguliwa Katibu Mkuu. Mwaka huohuo wa 1955 ndio Waluguru walipokataa kulimishwa matuta ya ngazi, na damu ikamwagika Matombo. Mazimbu yetu wakati huo ilikuwa shamba la mkonge, na wakata mkonge wa nchi hii walikuwa miongoni mwa watu ambao shirikisho hilo lilikuja kuwatetea kwa migomo mikubwa ya miaka iliyofuata.

Basi yapasa kusimulia na upande wa pili, kwa kuwa historia isiyosema yote haina faida kwa mwanachama. Mwaka 1962, Bwana Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria iliyobana haki ya kugoma. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, shirikisho lenyewe lilivunjwa na wafanyakazi wote wakawekwa chini ya chama kimoja, NUTA. Na tarehe 14 Mei 1976, yeye akiwa Waziri Mkuu tena, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima. Wazee wetu waliokuwa wanachama siku hizo hawahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa, na sheria ya 1982 ikaurudisha. Hatumsimangi marehemu, aliitumikia nchi kwa uaminifu mpaka alipofariki tarehe 31 Desemba 2009. Twasema tu kwamba chama cha wafanyakazi na chama cha wakulima vilipata jeraha la namna moja, tena kwa mkono uliokuwa umesaidia kukijenga kimojawapo.

Katika miaka hiyo ya chama kimoja, watangazaji hawakukosa kazi njema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kuzunguka redio katika vikundi vya kusoma, na vyoo vilichimbwa vijijini kwa ajili ya vipindi vile. Walilokosa ni chombo chao wenyewe cha kusemea. Waliotangulia kukipata walikuwa wanawake: mwaka 1987 waandishi na watangazaji wanawake waliandikisha TAMWA, wakatoa gazeti lao, Sauti ya Siti, lililopewa jina la mwimbaji Siti binti Saad. Kelele zao za miaka mingi zilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Mwanaume akiisoma habari hii asione haya kujifunza.

Vyama vingi vya siasa viliporudi, serikali ilitaka mwaka 1993 kuunda baraza la kuwasimamia waandishi kwa nguvu ya sheria. Waandishi walikataa, wakakutana tarehe 30 Juni 1995 na kuunda Baraza la Habari lao wenyewe, la hiari, la kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya magazeti na redio. Mikoani ziliundwa klabu za waandishi, nasi Morogoro tunayo yetu, na klabu hizo zikaungana katika umoja mmoja wa taifa. Mwanaushirika atautambua mpango huo mara moja: chama cha msingi chini, chama kikuu juu.

Umoja huo ulipimwa kwa msiba. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi, mpiga picha na mwandishi wa Channel Ten, aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini. Waandishi wa nchi nzima waliandamana. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Je, mpiga picha asiye na klabu, angelilipiwa na nani kelele za miaka minne? Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 nayo ilipingwa na vyama kwa pamoja, na tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaona vifungu kadhaa vyake vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Marekebisho yalipitishwa bungeni mwaka 2023, wala hayakumaliza yote yaliyolalamikiwa.

Sasa twafika kwa watengenezaji wa filamu, na hapa mkulima wa mpunga atajikuta nyumbani. Baada ya televisheni kuanza Bara mwaka 1994, na kamera za video kushuka bei, vijana wengi walianza kutengeneza filamu zao. Girlfriend, ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, iliwaonyesha kwamba wananchi wako tayari kununua hadithi zao wenyewe. Lakini zikauzwaje? Mtengenezaji aliibeba nakala mama, ambayo wenyewe huiita masta, akaenda Kariakoo kwa msambazaji, akalipwa fedha mara moja, na haki zote zikabaki huko. Nakala zikiuzwa 1,000 au 100,000, yeye hana tena cha kudai. Kwani huku si kuuza mpunga ungali kijani shambani? Mnunuzi anayajua masoko yote. Muuzaji anaijua tu kodi ya nyumba inayodaiwa. Juu ya hayo wezi wa kazi huzirudufu nakala usiku mmoja, na kibanda umiza huzionyesha bila kumlipa aliyezitengeneza. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati mkubwa ulijaza viwanja vya Leaders huko Dar es Salaam, na wengi walijiuliza mtu apendwaye hivyo alikuwa akipata kiasi gani katika kila nakala.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1999. Sheria bila watu waliokusanyika ni karatasi. Ni pale wasanii walipounda vyama na shirikisho lao la filamu ndipo serikali ilipobanwa mpaka, mwaka 2013, stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki ili nakala halali ijulikane. Dawa hiyo ilikuja kwa kuchelewa, maana muda si mrefu watazamaji walihamia kwenye simu. Na huko nako, kanuni za mwaka 2018 zilimtaka kijana mwenye televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka. Wakapiga kelele pamoja. Ada zikapunguzwa baadaye.

Kwetu Morogoro waandishi wengi ni wa kujitegemea, wanaolipwa kwa habari iliyotoka tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanda Uluguru siku mbili kwa nauli yake kuchunguza lumbesa ya maharage, wala kukaa Kilosa juma zima kufuatilia mgogoro wa ardhi. Atakwenda aliyelipiwa nauli, na mara nyingi anayelipa nauli ndiye anayenunua maharage. Hapo ndipo udhaifu wa chama chao unapogeuka kuwa hasara yetu.

Kwa hiyo Kamati yetu iliamua mambo machache, nayo yanatekelezwa. Mpiga picha wa mkutano mkuu hupewa mapatano ya maandishi kabla hajafungua kamera, na picha huendelea kuwa zake, Chama kikiwa na haki ya kuzitumia. Mwandishi anayekuja kutuuliza hesabu huonyeshwa vitabu, hata zikiwa hesabu za mwaka mbaya. Picha zilizomo katika kijitabu hiki zimepigwa na vijana wawili wa Mazimbu. Majina yao yamechapwa chini ya kila picha, na malipo yao yamo katika taarifa ya Mtunza Hazina, mstari mmoja chini ya gharama za turubai.