Kuuguza na Kuponya: Habari za Matibabu ya Wagonjwa wa Siku Nyingi katika Nchi za Ngara na Biharamulo

Katika Kiswahili mgonjwa huugua, na yule amtunzaye humwuguza. Neno la pili limezaliwa na la kwanza kwa njia ile ile ambayo kulaza huzaliwa na kulala, na kulisha na kula. Tukifuata sarufi tu, muuguzi angekuwa ni mtu amfanyaye mwenziwe augue, na hakuna Mswahili asikiaye hivyo. Ajabu ni kwamba ng'ambo ya bara, katika Kirundi na Kinyarwanda, neno limejengwa vivyo hivyo: kurwara ni kuugua, kurwaza ni kuuguza, na umurwaza ni yule akaaye na mgonjwa. Kihangaza kinachosemwa Bugufi katika wilaya ya Ngara ni ndugu wa karibu mno wa Kirundi, hata Mrundi na Mhangaza huelewana pasipo mkalimani. Baba ambaye mtoto wake ni mgonjwa husemwa kwamba anarwaza, yaani ugonjwa umeingia nyumbani mwake, na yeye pia anao kwa namna yake.

Kuponya ni jambo jingine. Neno hilo latoka katika kupona, na hapo maana ya kusababisha ni wazi: aliye mgonjwa hufanywa mzima. Liko na neno la tatu, kuganga, ambalo maana yake ya kale ni kufunga pamoja na kuunga kilichovunjika, kama vile mti uliopasuka. Waganga, basi, ni watu wa kuunga. Waponyaji ni watu wa kuondoa. Wauguzi ni watu wa kukaa. Natumia maneno haya matatu kama taa ya kutazamia habari za miaka mia na zaidi katika nchi hizi mbili. Kwa maoni yangu, matabibu waliokuja huku walipokumbuka kazi ya kukaa, maisha ya mgonjwa yalikuwa mepesi, hata ugonjwa usipoondoka. Walipotaka kuponya tu, na kumtenga mgonjwa na watu wake, mara nyingi walikosa yote mawili.

Tuanze na funza. Mdudu huyu si wa asili katika bara letu. Aliletwa na merikebu kutoka Amerika ya Kusini hata pwani ya Angola mwaka 1872, na kwa muda wa miaka ishirini hivi alifuatana na misafara mpaka kwenye maziwa makuu. Oscar Baumann, msafiri Mwaustria, alipopita Uzinza mwaka 1892, aliona watu waliodhoofishwa na vidonda vya funza hata hawakuweza kwenda shambani. Nchi ile ya Uzinza ndiyo iliyo mashariki ya Biharamulo kuelekea Ziwa Viktoria. Yafaa tuulize: mbona mdudu mdogo hivi aliweza kuharibu mavuno? Jibu ni kwamba watu walikuwa hawamjui. Baadaye walijifunza kumtoa mzima kwa mwiba au sindano, pasipo kupasua mfuko wa mayai yake, na kazi hiyo ikawa ya mama na watoto wakati wa kuota jua. Walakini angalia jambo moja: mtu hawezi kuutazama vizuri ukingo wa kisigino chake mwenyewe. Funza ni ugonjwa mdogo kwa mwenye mtu wa kumtazama miguu, na ni ugonjwa mkubwa kwa mtu asiye na wake. Tutalikuta neno hili tena.

Baada ya funza ilikuja malale, ambayo jina lake latokana na kulala, kwa kuwa mgonjwa husinzia mwisho wake. Katika Uganda ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini. Mwaka 1906 Robert Koch, yule Mdachi mashuhuri, alipiga kambi katika visiwa vya Sese akajaribu dawa iliyoitwa atoxyl, yenye zarniki ndani yake. Dawa ile ilifukuza vijidudu katika damu kwa muda; lakini alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho wasione tena. Wadachi walifungua kambi za wagonjwa upande wa Bukoba pia, na watu wengi walizitoroka. Wataalamu wa siku zile waliandika kwamba ni ujinga. Mimi siwalaumu waliotoroka. Mtu aliyeondolewa kwa watu wa kumrwaza, akadungwa sindano ya maumivu, kisha akamwona jirani yake wa kitandani amekuwa kipofu, alikuwa na hesabu yake.

Zamani za Waingereza, katika miaka ya 1930, watu wengi wa Biharamulo walitolewa katika makao yao yaliyotawanyika porini, wakakusanywa mahali pamoja ili msitu ufyekwe na mbung'o wapungue. Kwa habari ya kuzuia ugonjwa njia hiyo ilikuwa na akili. Kwa habari ya wazee na wagonjwa walioacha migomba yao na makaburi ya wazazi wao, vitabu vya serikali husema machache. Dawa nazo zilikwenda polepole: suramini katika miaka ya 1920, iliyofaa mwanzo wa ugonjwa tu; kisha mwaka 1949 melasoproli, yenye zarniki tena, ambayo yenyewe iliweza kuua wagonjwa watano hivi katika kila mia. Ndiyo sababu ni habari kubwa kwamba mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliikubali feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwa malale ya upande wetu wa mashariki.

Sasa nifikie ukoma, ambao ndio kiini cha maneno yangu. Kamusi za Kiswahili za zamani zina majina mengi: ukoma, matana, jethamu lililotoka katika Kiarabu, na balanga, ambalo watu wengine hulitumia kwa mabaka ya ngozi tu. Warundi husema imibembe, na Wanyarwanda ibibembe. Mtoto wa shule atakuuliza kama ukoma watoka katika kukoma, kwa kuwa vidole hukoma. Mwambie kufanana kwa sauti si ushahidi. Lakini swali lake lina kosa jingine lililo zito zaidi, nalo ni kudhani kwamba ukoma hula vidole.

Mwaka 1873 Hansen wa Bergen, nchi ya Norway, aliona kijidudu cha ugonjwa huu. Kwa muda wa miaka sabini hivi baada yake dawa iliyotumainiwa ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa Asia uitwao chaulmoogra. Ukiyanywa, yalitapisha, ukidungwa, yaliumiza na kufanya majipu. Wamisioni wengi walidunga mafuta hayo kila juma pasipo kuona wengi wakipona. Na katika miaka ile ile walijenga makao ya kuwatenga wagonjwa. Lililo mashuhuri zaidi upande wetu ni lile la kisiwa cha Bwama katika ziwa la Bunyonyi, Uganda, lililoanzishwa mwaka 1931 na Daktari Leonard Sharp wa misioni ya Ruanda. Huko wagonjwa walipata nyumba, mashamba, kanisa na shule. Si haki kuliita gereza. Wengi walifukuzwa kwao wakapata udugu kisiwani. Hata hivyo kisiwa ni kisiwa, na mtu aliyevushwa maji kwa sababu ya mwili wake hasahau.

Aliyegeuza mawazo ya wengi alikuwa Paul Brand, daktari wa kupasua aliyefika Vellore, Bara Hindi, mwaka 1946. Alipochunguza mikono ya wagonjwa aliona kwamba nyama yao si mbovu. Kijidudu huua mishipa ya fahamu, mkono huingia ganzi, na mtu asiyesikia maumivu hujiunguza na kujikata pasipo kujua. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakiwa wamepungukiwa na kipande cha kidole. Walipokesha wakaona panya wanakuja usiku kuwatafuna, nao hawasikii. Dawa ya hapo ikawa paka. Nimelipenda jambo hili kuliko mengi niliyoyasoma katika habari za uganga, kwa maana paka haponyi ukoma, lakini mwenye paka hubaki na vidole vyake.

Tazama sasa nyumba ya Ngara. Sufuria hukaa juu ya mafiga matatu, na mama huiepua kwa mikono. Mwenye ganzi ataungua kila siku, mpaka apewe kitambaa kinene au mtu wa kuepua badala yake. Jembe lina mpini wa mti. Mpini uliokwaruza humchubua, nao ukivingirishwa nguo atalima. Njia zina mawe na vijiti, na vumbi la sakafuni lina funza. Mguu uliokufa ganzi hausikii funza kumi. Kwa hiyo kiatu cha mpira wa gari chenye soli laini ndani ni dawa kweli, wala si pambo. Kila jioni mgonjwa aloweke miguu katika maji yasiyo ya moto kwa nusu saa, asugue ngozi ngumu kwa jiwe lenye mikwaruzo, apake mafuta kabla ngozi haijakauka, kisha nyayo zitazamwe. Nani atazitazama? Tumerudi kwa umurwaza.

Dawa ya kuponya ilikuja nayo. Dapsoni ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1940, ikatumiwa peke yake hata vijidudu vikaizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likaagiza dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini pamoja. Tangu mwaka 1995 hutolewa bure. Mwenye madoa machache hutumia miezi sita, mwenye mengi kumi na miwili, naye haambukizi tena muda mfupi baada ya kuanza. Klofazimini huufanya mwili kuwa mweusi kupita kawaida yake kwa muda, na wagonjwa wengine waliacha dawa kwa ajili ya hilo, kwa kuwa majirani waliwatambua kwa rangi. Mganga aliyecheka malalamiko hayo hakujua kijiji. Tena mtu hupona ukoma, lakini ganzi iliyokwisha kuingia haitoki. Hesabu za serikali humwandika kuwa amepona; miguu yake yataka kulowekwa maisha yake yote.

Hapa nina neno kwa wahubiri. Katika Walawi 13 na 14 Biblia zetu za Kiswahili husema ukoma hata katika nguo na kuta za nyumba. Ukuta haushikwi na kijidudu cha Hansen. Neno la Kiebrania, tsaraath, ni pana: lahusu waa lolote la kutia unajisi, katika ngozi, kitambaa au chokaa. Mwalimu asomaye sura zile bila kueleza hivyo, na mbele yake ameketi mtu mwenye mkono uliopinda, amemfanyia mtu huyo jambo ambalo sabuni na mafuta ya mwaka mzima hayatalifuta. Kadhalika neno mkoma. Afadhali kusema mtu aliyeugua ukoma, ingawa ni refu.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walikuwa wa mkoa huu wa Kagera. Kwa miaka ishirini na zaidi, mpaka dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, hakukuwa na kuponya wala karibu ya kuponya; kulikuwa na kuuguza tu. Hospitali za misioni, kama Murgwanza na Rulenge katika Ngara, hazikuweza kuwalaza wote, na wagonjwa walirudi nyumbani kwa mabibi zao. Ng'ambo ya mto, Wanyarwanda huita machela ya kumchukulia mgonjwa ingobyi, na ingobyi ni ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni pia. Miaka ile mabibi wengi walibeba zote mbili, mwana aliye mgonjwa na mjukuu.

Katika siku zile Uganda ilitangulia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka 1993, akifuata mafundisho ya Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya St Christopher's, London, mwaka 1967, na aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu ni ya mwili, ya moyo, ya nyumba na ya roho kwa pamoja. Dawa yao kubwa ilikuwa mofini ya maji, unga uliokorogwa katika maji na kunywewa nyumbani kila baada ya saa nne, rahisi kuliko vidonge. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika wenyewe, maana madaktari walikuwa wachache vijijini. Kwetu mofini hiyo kwa miaka mingi ilitengenezwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kutoka huko hata Ngara ni zaidi ya kilometa 1,200.

Kazi hii katika Tanzania imepewa jina tiba shufaa. Wengine hudhani limekosewa, kwamba lingekuwa shifaa, maana shifaa katika Kiarabu ni uponyaji. Lakini shufaa katika Kiswahili ni kuombea, kusimama mbele ya mkubwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujisemea. Na mwombezi hukaa upande wa yule anayemwombea. Mimi ningeliacha jina kama lilivyo, na katika Bugufi ningelifasiri kwa kurwaza.